Ziwa Tunalo, Bahari ya Nini?

Maneno haya mmeyasikia. Yalianzia kwenye mashine ya kukobolea mpunga, yakapita matangani, na tangu nilipotangaza kwamba mwisho wa Juni nampeleka mama watoto na watoto wetu wanne Dar es Salaam, kutembea tu, yamehamia sebuleni kwangu. Msemaji wake mkuu ni mjomba wangu, mzee ninayemheshimu, na hoja zake nimezisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Naziweka mbele yenu kama alivyozisema. Mahakimu ni ninyi.

Kwanza: ziwa tunalo. Matema kuna mchanga safi, maji yasiyowasha macho, na Milima ya Livingstone imesimama pale pale ukingoni. Mtu wa Ndandalo, hapa Kyela, kusafiri zaidi ya kilomita 900 kwenda kutazama maji, anasema, ni sawa na kubeba ndizi kuzipeleka Tukuyu. Uzuri wa Matema sibishi. Kwa mchanga tu, naiweka mbele ya Coco Beach. Lakini hoja hii inachukulia kwamba maji ni maji. Binti yangu mkubwa, siku niliyomfikisha Kigamboni kwa mara ya kwanza, alivua kandambili akaziacha hatua tatu kutoka majini, kama afanyavyo ziwani, akaenda kuokota makombe. Aliporudi, moja ilikuwa inaelea na ya pili haikuonekana tena. Akauliza nani kazichukua. Nikaanza kumweleza habari ya mwezi, kupwa na kujaa, na jioni bahari ikamalizia somo yenyewe kwa kufunika jiwe alilokuwa amelikalia mchana. Ziwa Nyasa, pamoja na kina chake cha mita kama 700, halina somo hilo.

Halafu muulizeni anayesema ziwa tunalo: lini aliwapeleka watoto Matema wakaogelee? Mjomba ana wajukuu kumi na mmoja. Waliowahi kufika upande ule ni wawili, Jumamosi moja, soko la Lyulilo, na walikwenda kubeba vyungu vya Wakisi. Ziwa hilo analolitetea amelitumia zaidi kama hoja kuliko alivyolitumia kama ziwa.

Bahari inaua, anaongeza. Kweli inaua, ukiidharau. Nyasa nayo inaua: mwera ukivuma katikati ya mwaka hata wavuvi huvuta mitumbwi nchi kavu, na midomo ya mito yetu ina mamba. Kama hatari ni sababu ya kubaki nyumbani, basi tumeshachelewa kuhama Kyela.

Dar ni ghali: hapa alikuja na karatasi. Ameandika hoteli, chakula cha hoteli, teksi, boti ya kwenda Mbudya, akajumlisha, akanisomea kwa sauti. Kujumlisha amejumlisha vizuri. Tatizo ni kwamba hesabu ni ya mtu mwingine. Sisi tutafikia Mbagala kwa dada yangu. Nilipomwambia hivyo akageuza: kufikia kwa ndugu ni kumwelemea. Sasa, wasomaji, achague. Ama safari ni ghali kwa sababu tutalala hotelini, ama ni aibu kwa sababu hatutalala hotelini. Zote mbili haziwezi kuwa juu ya karatasi moja. Na mgeni anayeingia Mbagala na kilo hamsini za mchele wa kwetu haelemei mtu, katika jiji ambalo kila mchele wenye harufu kidogo huitwa wa Kyela, hata ule ambao haujawahi kuiona Kyela. Yaliyobaki ni madogo: nauli ya pantoni ya Kigamboni ni ndogo, na Makumbusho ya Taifa, lilipo fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, humtoza raia kiingilio kidogo kuliko mgeni.

Hoja yenye nguvu kuliko zote kuhusu fedha hakuitoa, kwa hiyo namsaidia: Juni mpunga umetoka kuvunwa na bei imelala, na anayeuza gunia wakati huo kwa ajili ya nauli, nauli hiyo ameilipa mara mbili. Sawa kabisa. Ndiyo maana nauli yetu ni fedha ya kakao niliyoanza kuitenga mwaka jana.

Safari ni ndefu, watoto watachoka. Ni ndefu, na ndiyo sababu tutalala Iringa, ingawa tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku. Nataka wauone mchana mteremko wa Kitonga, mibuyu ya bonde la Ruaha, na Mikumi, ambako barabara kuu inakata hifadhi katikati na tembo huonekana dirishani bila kiingilio. Lakini urefu huu ni wa ajabu, maana hubadilika kulingana na shughuli. Harusi ilipofanyika Tegeta, ukoo ulikodi Coaster, bibi wawili wakakalia ndoo kwenye njia ya katikati, na mjomba alikaa mbele na dereva. Mgonjwa akiandikiwa Muhimbili, hakuna anayetaja kilomita.

Hapo ndipo inapoingia hoja anayoipenda kuliko zote: watoto wataharibika, watarudi na tabia za mjini. Siku kumi, mikononi mwa wazazi wao wote wawili. Nawaomba mpime hilo kwa mizani ileile tunayotumia siku nyingine. Binti wa miaka kumi na minne akiombwa aende Sinza kulea mtoto wa watu na kufua nguo za watu, peke yake, bila tarehe ya kurudi, wazee haohao humpa baraka na kuku wa njiani. Kuharibika hakutajwi. Kwa hiyo mji wenyewe hawaukatazi. Kuugua huko ruksa, kuzika ruksa, kutumwa kazi ruksa. Kinachowakera ni mtoto wa mkulima kupanda basi akiwa mzima, hana msiba, kisha akala mihogo ya kukaanga ufukweni.

Akaniambia basi tungoje Desemba kama wengine. Desemba Dar ni joto, na huku mvua zimeshaanza na mikono yote inatakiwa shambani. Tena ni yeye aliyesema Desemba mabasi hujaa. Hujaa, ila yakitoka Dar kuja kwetu. Kwenda Dar, viti vipo. Mwezi aliotuchagulia amekosea sababu ya kuupendekeza na sababu ya kuuogopa.

La mwisho lilikuwa kakao: nani atabaki nayo? Kakao huiva kidogo kidogo karibu mwaka mzima, na kwa hoja hiyo hakuna mwenye mti mmoja atakayetoka Kyela mpaka afe. Nilikuwa tayari kubishana, lakini mjomba mwenyewe akasema atabaki yeye, atachuma na kuanika. Kisha akaingia ndani, akatoka na chupa ya lita moja na nusu iliyooshwa vizuri, akanikabidhi. Nimjazie maji ya bahari. Magoti yanamsumbua, na ya ziwani, anasema, hayafai.