Wazee wa Baraza Wasiwe Pambo la Mahakama

Kwa miongo mingi, kesi ya mauaji katika Mahakama Kuu ya Tanzania haikuanza kwa ushahidi. Kwanza wazee wa baraza, yaani wananchi wanaompa jaji maoni yao juu ya kesi, wasiopungua wawili, walitajwa mbele ya mshtakiwa, naye akaulizwa kama ana pingamizi dhidi ya yeyote kati yao. Kisha jaji aliwaeleza wajibu wao. Kwa kuwa mshtakiwa kwa kawaida alijibu kwamba hana pingamizi, wapo wanaouona utaratibu huo kama maigizo. Ni kweli una sura ya ibada: kila mtu ana mahali pake na maneno yake. Lakini ibada hiyo ina kazi, na mkoa wa Simiyu unaihitaji.

Katika rufaa ya jinai namba 176 ya mwaka 1993, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba sheria hailazimishi swali hilo, ila ni desturi njema, kwa sababu mshtakiwa anaweza kuwa na sababu ya kuamini kuwa mzee fulani hatamtendea haki. Katika vijiji vya Bariadi, Itilima au Meatu sababu hizo si za kufikirika. Kesi nyingi za mauaji huko Usukumani zimetokana na tuhuma za uchawi, mara nyingi dhidi ya bibi vizee, au ugomvi wa mashamba na mifugo, mambo yanayogawa koo nzima. Tangu sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, walipoenea mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wamezoea pia dagashida, mkutano wa hadhara wa kijiji, ambako mtuhumiwa husimama mbele ya umati. Umati haumuulizi ana shaka na nani. Mahakama ilimuuliza, na hapo ndipo ilipo tofauti kati ya kuhukumiwa na kushughulikiwa.

Nchini Marekani mawakili huwahoji wananchi kwa kina kabla ya kuwakubali kwenye baraza la kuamua kesi (jury), na mwaka 1986 Mahakama ya Juu ya huko iliwakataza waendesha mashtaka kumwondoa mtu kwa sababu ya rangi yake. Uteuzi unagombewa kiasi hicho kwa sababu wananchi hao ndio wanaoamua hatia. Kwetu, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1984 iliwapa wazee wa Mahakama ya Mwanzo kura kamili, lakini katika Mahakama Kuu jaji hafungwi na maoni yao. Mamlaka yakiwa madogo, uteuzi nao huwa mwepesi.

Wapinzani wana hoja nzito. Hukumu nyingi zilibatilishwa na kesi kurudiwa kwa sababu jaji hakuwafafanulia wazee sheria ipasavyo, au wazee waliwadodosa mashahidi badala ya kuuliza maswali ya ufafanuzi tu. Mahabusu walisubiri upya, na wafiwa waliitwa tena kusimulia msiba wao. Ndiyo maana marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliiachia mahakama uamuzi wa kuwaita au kutowaita wazee. Tatizo lilikuwa la kweli, lakini dawa ilikosea mahali. Ingetosha kuagiza kwamba kasoro isiyomnyima mtu haki isibatilishe kesi.

Wengine husema wazee huja na imani za kijijini, ikiwemo hofu ya uchawi. Huenda wakaja nazo. Lakini maoni yao hutolewa wazi mahakamani, jaji akayapima na kuyakataa kwa sababu zinazosomeka. Hofu inayosemwa hadharani inaweza kujibiwa; inayobaki kijijini huendelea kuua.

Kwa hiyo katika kesi za mauaji za Simiyu majaji watumie hiari yao kuwaita wazee. Swali la pingamizi liulizwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, kwa mkalimani wa Kisukuma inapobidi, na aelezwe kwamba kukataa si utovu wa adabu. Jaji akitofautiana na wazee, aandike kwa nini. Hukumu ya mauaji inaweza kumfikisha mtu kitanzini. Anastahili kujua ni nani wanaomsikiliza, na kuwa na kauli juu yao.