Kasi ya Msumeno Inalipwa na Nani?

Kijana wa bodaboda akitoboa sailensa ya pikipiki yake, mtaa mzima hulalamika, na asipoangalia atajieleza kwa askari wa usalama barabarani. Msumeno wa mnyororo, ambao mafundi huuita chenso, ukitobolewa sailensa huko msituni, hapana anayelalamika. Miti haina ofisi ya kupeleka mashitaka.

Tuseme kweli kwanza. Fundi anayefanya kazi hiyo si mjinga. Injini ya msumeno ni ya mipigo miwili: pistoni inaposhuka, moshi hutoka kwa mlango mmoja na mchanganyiko mpya wa hewa na petroli huingia kwa mwingine, karibu kwa wakati ule ule. Moshi ukichelewa kutoka, mchanganyiko mpya hukosa nafasi. Tena ni kweli kwamba viwanda vimeibana njia ya moshi kwa sababu, miongoni mwa nyingine, ya sheria za kelele na hewa chafu za Marekani na Ulaya, zilizoanza kukazwa miaka ya 1990. Kwa hiyo fundi akipanua tundu la sailensa, msumeno hukata upesi zaidi. Hilo halina ubishi. Ubishi ni juu ya nani anayelipa gharama ya upesi huo.

Mashine ndiyo ya kwanza kulipa. Injini ikipitisha hewa nyingi zaidi, kabureta iliyorekebishwa kwa hali ya zamani hailetei petroli ya kutosha. Na katika injini hii oili imo ndani ya petroli, mara nyingi sehemu 1 kwa 50. Petroli ikipungua, oili nayo imepungua. Pistoni hushika moto, hukwaruza silinda, hukwama. Fundi mwangalifu hulegeza skrubu ya kabureta baada ya kutoboa. Asiye mwangalifu hupokea fedha zake akaenda zake.

Msitu nao hulipa, kwani wengi huanza kwa kung'oa ule wavu mdogo wa waya ulio kwenye mdomo wa sailensa. Wavu huo haukuwekwa kwa urembo. Unazuia vipande vya masizi yenye moto visirukie majani. Huko California, ambako wameungua mara nyingi, sheria inaudai. Nasi tunayo Sao Hill, shamba kubwa la miti la Serikali wilayani Mufindi, na kulizunguka yako mashamba ya wananchi ya misindano na mikaratusi. Mtu aliyewahi kukanyaga majani makavu ya msindano mwezi wa Septemba hahitaji kuelezwa cheche moja inaweza kufanya nini.

Lakini mlipaji mkubwa ni yule kijana aliyeushika msumeno. Hata kabla haujaguswa na fundi, msumeno wa kawaida hutoa kelele ya desibeli 100 au zaidi masikioni mwake. Wataalamu wengi wa afya ya kazi huhesabu hivi: desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3, muda hupunguzwa nusu. Ukifika 100, umebakiwa na dakika 15 kwa siku nzima. Kijana wetu hupasua mbao tangu asubuhi hadi jua kuzama, na hulipwa kwa idadi ya mbao. Sikio lililoharibiwa na kelele halina dawa ya kulirudisha.

Na mwenye msumeno ni nani? Mara nyingi siye anayeushika. Tangu masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha la 1967 yalipolegezwa kule Zanzibar mwaka 1991, mtumishi wa umma kuwa na mradi wa pembeni si jambo la kunong'onwa tena. Mwalimu ana ekari zake za miti. Afisa wa wilaya ana msumeno aliomkabidhi kijana wa kijijini. Hapana ubaya. Lakini ndugu msomaji, ukimwambia fundi "uchangamshe kidogo", faida inakuja kwako na uziwi unabaki kwake. Unyonyaji haubadiliki jina kwa kuwa umefanyika kwenye karakana. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampatie mfanyakazi vifaa vya kumkinga, na mwajiri hapo ni wewe, hata kama hamkuandikiana mkataba.

Anayetaka kasi atazame kwanza kinachodondoka chini ya msumeno. Mnyororo mkali hutoa vipande vya mti. Butu hutoa unga. Palipo na unga, tupa ya bei ndogo italeta kasi zaidi kuliko tundu lolote. Kisha afungue sailensa autazame ule wavu, kwa kuwa mara nyingi msumeno "umechoka" kwa sababu masizi yameuziba. Husuguliwa kwa brashi ya waya ukarudishwa mahali pake, kazi ya dakika chache. Na maafisa misitu wanaokagua vibali vya uvunaji wangeweza, wakiwa pale pale, kuinama na kutazama kama wavu huo bado upo.