Biskuti Hazidai Ngano

Mwandishi mmoja anadai unga wa mahindi hautoi biskuti: hauna gluteni ya ngano, una chenga, na viungo mbadala ni ghali. Gluteni hushika hewa mkate ukaumuka. Biskuti haina haja hiyo, na ikizidi huifanya ngumu. Chenga ni matunda ya haraka ya mwandishi: loweka unga laini kwa maziwa moto nusu saa, utalainika. Gharama ndiyo hoja dhaifu kuliko zote. Anamwandikia nani, ilhali Kisii na Nyamira nchini Kenya ni nchi ya migomba? Ndizi iliyoiva hadi ganda likawa jeusi, ikipondwa, hushika unga badala ya yai na kupunguza sukari. Parachichi huziba pengo la siagi. Aende soko la Daraja Mbili mjini Kisii, kisha aandike upya.