Yanonge: Kupiga kelele si kuimba, vikundi vya teatre viache kuua sauti za vijana

Yanonge, kilomita zipatazo 60 kutoka Kisangani, haikosi waimbaji. Jumapili moja inatosha kuhakikisha hilo: kila kanisa lina korali, na kila korali imejaa vijana. Lakini kijana huyohuyo anapotaka kuingia katika kikundi cha teatre, mchezo wenye nyimbo na ngoma ndani yake, anakuta kipimo kimoja tu: nani anapiga kelele kushinda wenzake. Kipimo hicho kinaharibu sauti na kinaharibu mchezo. Wakati wa kukiacha umefika.

Jambo hili si la kufurahisha watu tu. Mashirika yanayohamasisha raia juu ya chanjo, misitu au uchaguzi yanapenda teatre yenye nyimbo, na yanalipa. Siku yanapochukua waigizaji kutoka Kisangani, wenyeji wanalia kwamba wamebaguliwa. Wajiulize kwanza: wangeonyesha nini?

Kwanza, sauti. Mazoezi yanafanyika jioni, jenereta inanguruma, bafle imefunguliwa hadi mwisho, na mkubwa wa kikundi anajua neno moja: “Pandisha!” Kijana wa miaka 14, ambaye sauti yake ndiyo kwanza inabadilika, anapandisha. Kinanda kimeshachagua toni, yeye kazi yake ni kufuata. Kesho yake anaongea kama mtu aliyekesha na lotoko, na wenzake wanamsifu kwamba amefanya kazi. Hiyo si kazi, ni jeraha. Nguvu ya kuimba inatoka katika pumzi, chini ya mbavu, haitoki kooni. Mwimbaji anapaswa kupasha sauti polepole dakika 10 kabla ya kuanza, kunywa maji, na kunyamaza akichoka. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, dawa yake si tangawizi: aende kituo cha afya.

Pili, maneno. Katika korali, waimbaji 30 wanaweza kumfichia mwenzao neno alilolimeza. Katika teatre mtu anasimama peke yake, na neno lisiposikika, hadithi imekufa. Tena katika lugha za hapa, toni ni sehemu ya neno. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyeishi Yakusu na kutoa kitabu juu ya ngoma zinazosema mwaka 1949, alieleza kwamba katika Kilokele neno “liala” ni mchumba au ni shimo la takataka, kufuatana na toni. Sasa chukua wimbo uliotoka mbali, ubandike maneno ya Kilokele juu yake bila kufikiri: bwana harusi anaimbia shimo la takataka mbele ya wakwe. Wazee wanacheka, na kikundi kinadhani mchezo umefaulu.

Asiseme mtu kwamba teatre ya kuimba ni mambo ya Wazungu. Huko Kivu, kwa Wanyanga, mwaka 1956 msimulizi Candi Rureke alisimulia, akaimba na kucheza hadithi ya Mwindo kwa siku 12. Mtu anayesukuma koo hafiki hata siku ya tatu.

Tatu, namna ya kuchagua. Kwenye majukwaa ya Broadway, New York, anayetafuta nafasi mara nyingi hupewa kipande kifupi tu cha wimbo, kama dakika moja hivi. Ndani ya dakika hiyo wanataka kujua anamwimbia nani na anataka nini kwake. Hapa, majaribio yanayofanyika usiku nyumbani kwa mkubwa, mbele ya mtu mmoja, yanafungua mlango wa rushwa, wa undugu, na wa kusumbua wasichana. Mzazi anayemkataza binti yake kwenda huko hana kosa.

Wengine watajibu: hakuna mwalimu, hakuna pesa. Orkestra ya Wakimbangu ya Kinshasa ilianzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, aliyekuwa rubani wa ndege. Wengi wa wapigaji wa kwanza hawakujua kitu, na violini chache walizokuwa nazo walizitumia kwa zamu. Leo orkestra hiyo na korali yake wanaimba Beethoven. Na pumzi hainunuliwi sokoni.

Yanayotakiwa hayahitaji hata franka moja. Bafle zizimwe wakati wa mazoezi, hadi kila neno lisikike bila mikro. Toni ifuate mwimbaji, si mwimbaji afuate kinanda. Wazee waitwe kusikiliza nyimbo za Kilokele na Kimbole kabla ya onyesho, si kucheka baada yake. Wimbo wa majaribio utangazwe wiki moja mbele, ili mtoto wa mvuvi na mtoto wa mkubwa wajiandae sawa. Majaribio yafanyike mchana, mahali pa wazi, mbele ya watu watatu au zaidi, akiwemo mama mmoja. Na kijana apimwe kwa mambo matatu: sauti, neno na kuigiza.

Debe tupu haliachi kuvuma. Kikundi kinachokataa masharti haya kiendelee kuvuma, lakini kisiwaite vijana wa Yanonge kuja kupoteza sauti zao humo.