Kazi ya Kundi, Jasho la Mmoja

Katika semina zetu za fasihi, kazi ya kundi aghalabu huwa ya mwanafunzi mmoja, iliyotiwa sahihi na watano. Kwa maoni yangu, kosa limo katika swali: likiwa moja kwa wote, mvivu hupata maficho. Mwaka 1971, huko Austin, Texas, Elliot Aronson na wenzake waligawa somo vipande, kila mtoto akawa mwalimu wa kipande chake. Utendi wa Mwana Kupona (1858) wafaa kugawiwa hivyo: huyu msamiati wa Kiamu, yule arudhi, mwingine historia ya Siu, kisha kila mmoja atahiniwe peke yake kuhusu utendi mzima. Wahadhiri watalalamikia wingi wa karatasi, na wana haki. Basi tuanze na utendi mmoja kwa muhula.