Jina Zuri Halisafishi Tendo Baya

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mwizi anayejijua kuwa ni mwizi tunaweza kumkamata na kumhukumu, na huenda siku moja akatubu. Lakini mtu anayetenda ubaya huku ameuvika jina la wema, nani atamwonya? Ukimgusa atakuonyesha jina, na tendo lenyewe hatalitazama. Huyo ndiye ninayetaka tumzungumzie leo, ndugu zangu wa Tarime na Serengeti, kwa kuwa tunaishi naye, na pengine yumo ndani ya kila mmoja wetu.

Mwaka 1963 Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama katika mkoa wetu huu wa Mara, alitoa tafsiri ya Kiswahili ya mchezo wa Shakespeare, Julius Caesar. Alikuwa Rais wa nchi changa yenye shida chungu nzima, na bado alipata saa za kukaa na mchezo ule. Ndani yake yumo mtu anayeitwa Brutus. Kila mzazi, kila mzee wa mila na kila kiongozi wa wilaya zetu angefaa kumjua.

Brutus si jambazi. Ni muungwana anayeheshimiwa na Roma nzima, tena anampenda Kaisari, mtawala wake, kwa dhati. Wenzake wanapomshawishi ashiriki kumwua, anakesha peke yake akijipima, na katika kujipima huko ndimo anamopotea. Anakiri moyoni kwamba Kaisari bado hajatenda kosa la kumstahilisha kifo. Basi anamtungia kosa la kesho, kwamba akivikwa taji huenda akabadilika. Kwa "huenda" hiyo mtu anauawa. Barua za hila alizotupiwa dirishani anazipokea kama sauti ya wananchi, maana zinamwambia kile alichokwisha kutaka kukisikia. Waliokula njama wanamjia usiku wamejificha nyuso. Yeye mwenyewe anaiona aibu iliyomo katika kujificha huko, kisha anawapokea. Mwishowe anataka kifo kile kiitwe kafara, kisiitwe mauaji. Kisu ni kilekile na damu ni ileile; kilichobadilika ni jina tu.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji wengi hulipita. Karibu na vita vya mwisho, Brutus anamkaripia Cassius, mwenzake katika njama, kwa kula rushwa, na papo hapo anamlaumu kwa kumnyima fedha za kuwalipa askari, akisema yeye hawezi kuchuma fedha kwa njia chafu. Mikono yake ibaki safi, lakini mshahara wa jeshi lake utoke katika mikono ya mwenzake iliyochafuka! Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake, hata akiwa mtu mwema.

Tukivuka ziwa tunafika Ukerewe, alikozaliwa Euphrase Kezilahabi. Katika riwaya yake ya mwaka 1971, Rosa Mistika, yupo baba anayeitwa Zakaria. Anampiga binti yake, Rosa, vibaya kwa sababu ya barua ya mvulana. Ukimwuliza, atasema analinda heshima ya mtoto. Lakini nyumba hiyohiyo imejaa ulevi wake, na mkewe anaonja kipigo chake. Rosa anakua akiwaogopa wanaume bila kuwajua, na anapokwenda mbali na baba hana ngao yoyote. Mwisho anajitoa uhai. Fimbo ile haikumlinda binti hata siku moja. Ilikuwa ikimlinda baba asiaibike.

Sasa turudi nyumbani. Katika koo nyingi za Wakurya, msimu wa kukeketa wasichana huangukia Desemba shule zikiwa zimefungwa, hasa katika mwaka unaogawanyika kwa mbili. Majina mazuri hayakosekani: heshima, usafi, mila, kumtoa mtoto utotoni. Asiyekatwa huitwa msagane, na jina hilo humfuata kisimani na arusini. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba Tanzania nzima wanawake 10 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Katika Mkoa wa Mara walikuwa 32. Nyuma ya kila mmoja kuna kidonda, na wapo waliotokwa damu hadi kufa, ambao hakuna mtafiti atakayewakuta awahesabu.

Tuulize kama tunavyomwuliza Brutus: ngozi ya ngoma hii inavutwa upande gani? Ngariba hulipwa. Binti aliyekeketwa huonekana yu tayari kuolewa, na ng'ombe wa mahari huingia zizini kwa baba. Hao wote wanapokea. Anayelipa ni mmoja tu, naye ndiye mdogo kuliko wote, na mara nyingi ndiye asiyeulizwa.

Najua nitajibiwa kwamba wazazi wanawapenda watoto wao. Ni kweli. Brutus naye alimpenda Kaisari. Kupenda hakukuzuia kisu. Nitajibiwa pia kwamba mila ni urithi wetu, na wageni wasitudharau. Hilo nalo ni kweli. Lakini urithi huchambuliwa kama mbegu kabla ya kupandwa. Leo wapo wazazi wanaopeleka vijana wao kutahiriwa hospitali, na hakuna anayesema Ukurya umekufa. Katika kituo cha Masanga, Tarime, wasichana hufundishwa maadili ya utu uzima na kuhitimu bila kukatwa. Mila ya kumlea msichana imebaki, na wembe umeachwa nje.

Ushahidi mkubwa kuliko wote kwamba tunajidanganya tunao wenyewe. Tangu mwaka 1998 sheria ya Tanzania inakataza kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 15. Wapo wanaowavusha binti zao mpakani, kana kwamba Sirari ni mstari unaotenga ubaya na wema, ilhali Kenya nayo imekataza kwa sheria yake ya mwaka 2011. Ndugu yangu, jambo la heshima hufanywa mchana, kwa ngoma na vigelegele. Unayemwamsha mtoto alfajiri na kumpitisha njia za panya umekwisha kujihukumu kabla hujafikishwa mbele ya hakimu.

Nasi tunaopinga ukeketaji tusijione tumesalimika. Kuvaa fulana yenye maneno mazuri, kusaini mahudhurio ya semina na kupokea posho, kisha Desemba tukafunga milango yetu, huko nako ni kujidanganya. Tumtazame Rhobi Samwelly, mama wa mkoa huu, aliyekeketwa akiwa msichana akanusurika kifo kwa kutokwa damu. Hakukitafutia kidonda chake jina zuri. Alikiita kidonda, akafungua mlango wa nyumba salama pale Mugumu ili wengine wapate pa kukimbilia.

Basi, baba, kabla ya kutamka neno heshima, uliza ni nani atakayelipa. Mama, uliyepitia maumivu hayo, usiyaite malezi kwa kuwa nawe uliyapata. Wazee wa mila, ninyi mna neno ambalo polisi hawana. Likitoka kwenu kwamba wembe basi, litasikika kila boma. Walimu, wasomesheni watoto Brutus na Zakaria, wajifunze mapema kuwa moyo wa mtu unaweza kumdanganya mwenyewe.

Brutus alipokufa, adui yake mwenyewe alimsifu kwamba katika njama yote yeye peke yake alidhamiria mema. Sifa hiyo ilisemwa juu ya maiti, katika nchi iliyokwisha kuingia vitani, na uhuru ambao kwa ajili yake alimwua rafiki haukupatikana. Nasi Desemba ikifika, wapo watoto watakaokimbia usiku kuelekea Masanga na Mugumu, wakiwakimbia watu wanaowapenda. Mzazi, lizuie hilo nyumbani kwako. Mwite binti yako leo mchana, mbele ya mama yake na babu yake, umwambie kwamba hatakatwa. Akilala usiku huo bila hofu, hapo ndipo neno heshima litakuwa limepata mahali pa kukaa.