Nyota Peke Yao Hawaleti Ubingwa

Nimesoma hoja kwamba kocha wa mpira wa kikapu Phil Jackson alibebwa tu: mpe kocha yeyote Michael Jordan, kisha Shaquille O'Neal na Kobe Bryant, naye atatwaa mataji 11. Hoja hiyo haisimami mbele ya kalenda.

Jordan aliingia Chicago Bulls mwaka 1984. Jackson akawa kocha mkuu 1989, na ubingwa wa kwanza ukaja 1991. O'Neal na Bryant walikutana Los Angeles Lakers 1996, wakatoka mikono mitupu kila msimu hadi Jackson alipofika 1999. Kisha wakatwaa ubingwa mara tatu mfululizo. Kama nyota wanatosha, mbona walichelewa?

Tazama Mei 1994, Bulls wakicheza dhidi ya New York Knicks. Timu ziko sare, zimebaki sekunde 1.8. Jackson anampangia Toni Kukoč mtupo wa mwisho. Scottie Pippen, nyota wa timu, ananuna na kugoma kuingia uwanjani. Jackson habadili mpango. Anaingiza mwingine, Kukoč anafunga, Bulls wanashinda. Baadaye, katika chumba cha kubadilishia nguo, mkongwe Bill Cartwright anamkabili Pippen huku machozi yakimtoka. Kocha aliwaachia wachezaji watibu kidonda chao wenyewe. Huko ndiko kuongoza.

Kweli, mafahali wawili hawakai zizi moja: mwaka 2004 Lakers walishindwa fainali na Detroit Pistons, O'Neal akaondoka. Lakini kuwakalisha O'Neal na Bryant pamoja misimu mitano si bahati. Ni kazi, na tuiheshimu.